Marejeo Hayatoki Nje ya Maktaba

Mselem Mbarouk, Mzanzibari wa Jidda aliyekuwa akifanya kazi Riyadh, hakutaka makubwa. Alitaka ruhusa ya siku saba tu, akamuoze binti yake Badriya siku ya Alhamisi, nyumbani kwao mtaa wa Hindawiya, huko Jidda. Mwaka wa pili huo hajakanyaga kwake.

Chuo alichokuwa karani wa maktaba kilikuwa kimelewa neema ya mafuta. Kilinunua kila kitu kwa mpigo: vitabu vipya vya marejeo, ensaiklopidia juzuu sitini, na kompyuta ya kuulizia hazina ya taarifa iliyoko ng'ambo. Kompyuta ilihitaji laini ya simu, na laini haikuwapo. Vitabu navyo, mkuu wa maktaba, Daktari Fahad, aliamuru vifungwe nailoni visiguswe mpaka mgeni rasmi aje kuvizindua. Mgeni rasmi alikuwa ameshaahirisha mara nne.

Ila kabla ya kufungwa, ilibidi mtu ahakiki kurasa zote, mmoja mmoja. Mtu huyo alikuwa Mselem, na Mselem hajui kufunua ukurasa bila kuusoma. Basi wanafunzi wakawa wanamfuata mezani. Urefu wa mto fulani? Anao. Dawa ya wadudu wa mitende? Anayo, na juzuu anakutajia.

Ilipokuja kamati ya kukagua vyanzo vya marejeo, Daktari Fahad aliitazama kompyuta yake bubu, akapata wazo ambalo mwenzangu na mimi tungelipata kwa homa tu. Akamwandikisha Mselem kwenye daftari la vyanzo, akampa namba, akambandika lebo kifuani: MAREJEO. HAYAAZIMWI. Kamati ikamuuliza maswali matatu, ikaridhika, ikanywa kahawa.

Mselem alicheka sana siku hiyo. Jumatatu alipopeleka barua ya ruhusa, kicheko kikamkauka.

"Mafi ruhusa, hakuna," alisema Daktari Fahad, bila chembe ya mzaha. "Marejeo hayatoki nje ya maktaba. Nikikuachia wewe, kesho watataka kuazima kamusi."

"Bwana mkuu, mie mtu. Nna binti anaolewa."

"Kwenye daftari wewe ni namba mia nne na kumi."

Roho ilimuuma Mselem, ilimuuma hasa. Badriya aozwe na wakili kama yatima, na baba yake yu hai, yuko rafuni?

Lakini kanuni za maktaba ile alizipiga chapa yeye mwenyewe. Kitabu cha marejeo hutoka kwa sababu moja tu: kikichanika, hupelekwa kwa mjalidi, fundi wa kushona vitabu, na mjalidi wa chuo alikuwa Jidda.

Akashika ukosi wa kanzu yake kwa mikono miwili, akauvuta mpaka kanzu ikapasuka hadi kitovuni.

"Nimechanika, bwana mkuu."

Daktari Fahad alivaa miwani, akamkagua, akatoa fomu. Akaandika: nakala moja, imechanika upande wa mbele, irudishwe ikishashonwa.

"Halas, yamekwisha," alisema. "Yalla, upesi, kabla haijachanika zaidi."

Alhamisi Mselem alimuoza mwanawe, koti juu ya kanzu iliyochanika, machozi yakimtoka bila kuyafuta. Wageni walipoondoka, mkewe Mwanakhamis akaja na sindano na uzi.

"Vua nikushonee, baba Badriya. Umenitia aibu mbele ya wakwe."

Mselem akamshika mkono.

"Usishone, Mwanakhamis. Ukishashona tu, nnarudi."