Ugoro Niliomfichia Wifi

Wewe unayesoma haya nakuhesabu mtu wangu wa ndani, maana ninayokueleza sijawahi kuyasema hata mbele ya wanawake wenzangu ninaoswali nao. Na nakuambia mapema kwamba nimekasirika. Usitafute humu maneno ya kubembeleza.

Juzi tulikuwa jikoni kwenye harusi, hapa hapa Ikungi, tunachambua mchele. Binti mmoja wa miaka kumi na saba hivi alikuwa ameshika shavu, jino linamsumbua. Mama mzima, mwenye wajukuu, akafungua pindo la khanga yake akatoa kifundo cha ugoro. "Weka kidogo hapo, mwanangu, litalala sasa hivi." Nikampokonya, nikaumwaga motoni. Jiko zima likakohoa. Nikaambiwa nimemvunjia heshima mtu mzima mwenzangu. Basi na iwe hivyo, nimemvunjia! Ila yule binti alinitazama kama anatazama kichaa, kisha akaondoka, sikupata nafasi ya kumweleza. Mwanangu, kama ni wewe, keti usome.

Mimi nilianza hivyo hivyo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, ndiyo kwanza nimeolewa, nina mimba ya kwanza, na gego la chini linaniuma mpaka ndani ya sikio. Mume wangu alikuwa msafiri, anapeleka kuku Dodoma. Pale nyumbani kwa wakwe rafiki yangu alikuwa mmoja tu, wifi yangu Zaina, dada yake mume wangu, aliyekuwa ameachika akarudi kwao. Tulikuwa tunapura alizeti, mimi nalia. Akachota ugoro kwa ncha ya kidole, akanipachika kati ya mdomo wa chini na fizi.

"Usimeze mate, mjinga wewe. Tema!"

Nikapata kizunguzungu, nikatapika, halafu jino likanyamaza. Nilimshukuru kama mtu aliyenitoa kaburini.

Jino halikuwa limepona. Liliendelea kuoza chini kwa chini, ugoro unalitia ganzi tu. Lakini kesho yake niliutaka tena, na keshokutwa, na mtoto alipozaliwa nilikuwa siwezi kuwasha moto asubuhi kabla sijaweka.

Sasa sikia nilivyojificha. Nikawa mtu wa mswaki. Kabla ya kila swala, mara tano kwa siku, nachukua mswaki wa mti na unga wa mkaa, nasugua kushoto kulia kama anayesugua sufuria lililoungua. Kisha natafuna karafuu. Majirani wakanisifu, "Yule mwali anaishika sunna." Nami nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, mnafiki mkubwa. Na meno yakiwa ya kahawia, nani atashangaa? Huku kwetu maji ya visima yanatia meno rangi tangu utotoni, wengi tunayo. Zaina alikuwa akiniambia, "Ukiulizwa, sema ni maji. Nani atakwenda kukihoji kisima?" Tulikuwa tunacheka mpaka tunashika mbavu.

Siku isiyonitoka ilikuwa ya Ramadhani, mwaka wa nne tangu nianze. Nilikuwa nafunga, tena nafunga kweli, ugoro siugusi mchana. Lakini kuanzia alasiri sikuwa namuwaza Mungu wala maji. Nilikuwa nawaza kile kifundo nilichokichomeka nyuma ya banda la kuku. Adhana ya magharibi ikalia, mkeka umetandikwa, uji upo, tende zipo. Nikasema nakwenda kufungia kuku. Mama mkwe wangu akaona nimeondoka sijafungua swaumu, akanionea huruma. Akachukua tende moja, akanifuata nayo.

Akanikuta nimevuta mdomo, kidole ndani.

"Fungua kinywa."

Nikabana.

"Mwanamke, fungua kinywa nimesema!"

Akaingiza kidole chake, akaukomba ule ugoro wote, akaufuta ukutani. Mwanga ulikuwa bado upo. Akanivuta mdomo wa chini, akatazama. Halafu akasema kitu kwa Kinyaturu, lugha aliyoikimbilia akiwa na hasira, kwamba nyama yangu imekufa ningali hai. Kisha akarudi kwenye Kiswahili, polepole.

"Tende imengoja. Maji yamengoja. Aliyetangulia kinywani mwako ni huyu. Hebu niambie, leo umemfungia nani? Mungu, au huyu?"

Nikautazama ule ugoro ukutani.

"Nani kakupa?"

Hapo ndipo kosa langu lilipo, mwanangu, wala si kule kwenye alizeti. Zaina alikuwa amekuja na mwiko mkononi, amesimama nyuma ya mama yake. Akanitazama, akatikisa kichwa kidogo, mkono kifuani. Nami nikasema, "Nimenunua mwenyewe mnadani, mama."

Asubuhi tulipokutana kisimani akanishika mkono. "Umenisitiri, wifi. Na Mungu akusitiri duniani na akhera." Wallahi nilijiona nimepata thawabu. Tumefundishwa kwamba anayeificha aibu ya mwenzake, Mungu humfichia yake. Mafundisho hayana kosa. Kosa ni langu mimi niliyeyachukua nikafunikia ugonjwa.

Mama mkwe hakungoja hata mwanawe arudi. Alinipandisha basi siku ya pili yake mpaka Singida mjini kwa daktari wa meno. Kijana mpole, akamwambia mama mkwe "shikamoo mama", na mimi akaniita dada. Alipoifunua fizi yangu ya chini akanipa kioo nitazame. Nilikuwa sijawahi kutazama. Ilikuwa nyeupe, imekunjamana kama vidole vya mtu aliyefua siku nzima. Fizi zimerudi chini, mizizi ya meno iko nje.

"Hapa ugoro umekula," akasema, "na hapa umejila mwenyewe kwa mswaki."

Nikakasirika. "Daktari, mimi nasugua mara tano kwa siku!"

"Hata ungesugua mara hamsini, dada. Mswaki unatoa uchafu ulio juu ya jino. Ugoro uliokaa kwenye nyama saa nzima umeshafanya kazi yake, mswaki hauwezi kuifuta. Na huo mkaa, na kusugua kwa nguvu kushoto kulia, vinalikata jino shingoni na kuisukuma fizi. Sugua taratibu, kwa mswaki laini na dawa ya meno, asubuhi na kabla ya kulala. Hata huo wa mti utumie, ila uwe laini, na usiulazimishe."

Akaling'oa lile gego, limeoza limebaki ganda. Kisha akaacha utani. Akasema nikae wiki mbili bila ugoro hata chembe. Ule weupe usipoondoka, atakata kipande wakipime saratani.

Wiki mbili zile nilitetemeka. Nilimtukana mume wangu, nilitukana mpaka kuku. Nilisujudu nikiomba vitu viwili kwa pamoja, Mungu auondoe ule weupe na Mungu anipe ugoro kidogo tu. Niliporudi, weupe ulikuwa umekwisha. Fizi hazikurudi, maji ya baridi yananikata meno mpaka leo, lakini mdomo ninao.

Nikamwambia Zaina, "Twende na wewe, wifi. Akutazame tu."

"Mimi? Mimi langu ni maji!" Akacheka. Na mimi, kwa upumbavu, nikacheka naye.

Ningeweza kwenda kwa mama mkwe nikasema maneno matatu. Alikuwa chumba cha pili! Sikusema. Nikaona si adabu, yeye ni mkubwa wangu, amenitunza nilipojifungua, nitamchongeaje kwa mama yake? Miaka ikapita hivyo. Hata karafuu za kuua harufu nilikuwa namnunulia mimi, nikitoka sokoni namtumbukizia mfukoni kama zawadi. Karafuu! Nikifikiria hilo natamani nijipige makofi.

Nilipoanza masomo ya jioni ya watu wazima, watoto wamekua, tulisoma kwenye kijitabu cha afya kwamba kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki mbili hakingojwi, kinapelekwa kwa daktari. Nikambebea kijitabu nikamsomea. Siku hizo ameshaanza kula upande mmoja.

"Haya, daktari wa jioni," akaniambia, "na mguu wangu je? Nao unauma, soma na wa mguu."

Kidonda chake cha mdomoni alikuwa anakiwekea asali na habasoda. Uvimbe ukatokea chini ya taya. Tulipofika hospitali kubwa ilikuwa saratani, na wakamkata taya upande mmoja pamoja na kipande cha ulimi.

Tulikuwa tumekaa kwenye benchi pale nje ya chumba cha upasuaji, mimi na mama mkwe. Akaniuliza bila kunitazama.

"Ulijua anaweka ugoro?"

"Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya siku ile ya futari."

"Wewe mtoto wa watu nilikufunua mdomo, ukapona," akasema. "Mwanangu wa kumzaa ukamfunika."

Hakunipiga, hakunitukana. Kabla hajafariki alitamka kwamba amenisamehe, na mimi namwomba Mungu iwe kweli, maana mimi mwenyewe bado.

Kwa hiyo usiniambie habari za heshima, mwanangu. Jino likiuma, lina ugonjwa, linatibiwa au linang'olewa, halilazwi kwa ugoro. Anayekupa ugoro kama dawa anakufunga kamba, hata kama anakupenda. Zaina alinipenda. Sigara ni hivyo hivyo, na vile vipaketi vya tumbaku mnavyotafuna shuleni mkidhani hatuoni, tunaviona. Na usinidanganye kwa meno meupe. Niliona mdomo uliosuguliwa mara tano kwa siku ukiwa unaoza. Acha tumbaku kwanza, ndipo mswaki wako uwe na maana. Chukua kioo, vuta mdomo wako, tazama chini ya ulimi na ndani ya mashavu. Ukiona weupe, wekundu au kidonda kinachokaa, nenda, na usipite kwangu kuomba ushauri, nenda moja kwa moja. Na ukimjua mwenzako anaweka, mseme. Mseme kwa mama yake, kwa mumewe, kwa yeyote atakayemshika mkono ampeleke. Achukie. Avunje urafiki. Ni nafuu akuchukie akiwa na taya zote mbili.

Mungu akulindie kinywa chako, mwanangu. Akujalie pumzi safi ya kumtaja asubuhi na jioni, na siku ukipotea akupe mtu asiyekuonea haya.

Zaina yu hai. Anakunywa uji kwa kijiko kidogo, upande mmoja, na leso mkononi. Nilipomsimulia yaliyotokea kule jikoni harusini alisema jambo, ikabidi alirudie mara nne ndipo nikalielewa. Alisema, "Waambie." Nyumbani tuko watatu tu tunaoelewa anachosema, na watatu hatutoshi. Wewe ulimi wako ni mzima. Mwambie mtu mmoja habari hii kabla ya kulala leo, na umwombe naye amwambie mwingine.