LED zangu za kwanza, na mbuzi wa ntheo waliokaribia kurudishwa Umoja

Wakuu, salamu kwenu. Haya yalinipata mwenyewe, sijasimuliwa na mtu.

Jana nimebadilisha balbu za ndani ya gari, nikaweka LED. Unachomoa, unachomeka, kwisha. Nikacheka peke yangu, maana LED zangu za kwanza nusura zinikoseshe mke.

Turudi miaka ya tisini. Naishi Umoja, Nairobi, ni karani kwenye godown moja la kuhifadhia mizigo, Industrial Area. Nina station wagon kuukuu ambayo taa yake ya paa ilikufa kabla sijainunua.

Jumamosi hiyo nilikuwa napeleka mbuzi wa ntheo kwa kina Mwende, mchumba wangu, Machakos. Kwa wasio Wakamba: ni mbuzi watatu, na bila hao hata mkiishi pamoja hadi mzeeke, huyo si mke wako.

Sikutaka mzee wa kuniposea apande gari la giza. Ijumaa nikaenda kwa fundi wa redio, Majengo. LED za gari hazikuwepo madukani, kwa hiyo akang'oa zile taa nyekundu ndogo kwenye redio mbovu, akapanga rundo zima kwenye paa na kuziunganisha moja kwa moja na betri. Swichi hakuweka.

"Buda, hizi hazikuli battery," akaniambia. "Hata ukilala nazo."

Nami nikalala nazo, zinawaka garini usiku kucha. Enzi hizo taa nyekundu ndani ya gari ilimaanisha alarm, na wezi wa redio mtaani kwetu hawakuwa na aibu. Nikajiona mjanja.

Asubuhi nazungusha ufunguo, tik.

LED moja hula kidogo, ni kweli. Lakini rundo zima, na betri yangu ilikuwa nzee, haishiki chaji.

Baba mdogo Muli, msemaji wetu, ameshakaa mbele na koti la kanisani. Mbuzi nyuma wanalia. Jirani akachungulia zile taa za paa.

"Niaje, umefungua disco?"

Majirani wakatusukuma, likawaka.

"Usizime popote," baba mdogo akasema. "Na kule usiseme ni bovu. Wataniuliza, aliyeshindwa na gari ataweza mke?"

Najua mtauliza mbona sikupaki kwenye mteremko, nilizime kisha liwake likiteremka. Boma la kina Mwende liko bondeni, patambarare kama meza. Nikaliacha linanguruma getini.

Sasa, kwa desturi bwana harusi hana la kusema. Anakaa, anatazama sakafu, msemaji anaongea. Lakini masikio yangu yalikuwa nje. Injini ikishuka sauti, moyo unashuka nayo. Nawaza petroli. Mguu unacheza wenyewe, chai inapoa mkononi, na Mwende ananikazia macho kutoka mlango wa jikoni.

Baba yake, Mzee Nzioka, akamkatiza msemaji wetu.

"Kijana, hiyo gari yako inangoja nani?"

"Tunaipasha moto tu," baba mdogo akadakia.

"Nimemuuliza yeye. Dada yake Mwende alichukuliwa na mtu wa haraka hivi, na akarudi hapa na watoto. Kama mnapitia tu, piteni na mbuzi wenu."

Niliogopa, wakuu. Desturi ikanitoka kichwani, nikasimama.

"Mzee, gari ni bovu. Nikilizima haliwaki tena. Tutalala hapa."

"Basi lizime."

Baba mdogo hakunitazama. Nikatoka, nikazima. Bonde lote likanyamaza, na mguu wangu nao ukatulia. Niliporudi ndani, mzee alikuwa ameshaagiza mbuzi washushwe.

Tulilala huko, baba mdogo na koti lake. Asubuhi wakwe wakatusukuma hadi barabarani, likawaka. Mzee Nzioka mwenyewe alisukuma upande wa dirisha langu, akicheka.

Funzo: ukiweka taa za ndani, weka na swichi, na usijaribu waya mpya usiku wa kuamkia safari. La pili, ukifika ukweni zima injini hata kama haitawaka tena.

Mafundi, nikosoeni. Na nyinyi mliowahi kwenda kuposa na gari bovu, mwageni visa vyenu hapa, nitavisoma vyote.

Mwende mpaka leo hafungui mlango wa gari kabla sijachomoa ufunguo. Nikichelewa kidogo, ananiuliza, "Inangoja nani?"