Nyuma ya Kitenge

Nguo ikivundia sandukuni, harufu yake hunirudisha kwenye chumba chetu cha Kolwezi, msimu wa mvua, kifua changu kikikoroma kila nilipovuta pumzi. Muuguzi alimwonya mama nisilale tena karibu na ukuta ule wenye ukungu mweusi. Siku iliyofuata mama aliniambia fundi amekuja, ukuta umepona, na kitenge kipya alichokitundika pale ni pambo tu. Nikamwamini, nikalala nimeuegemea.

Siku moja nilikifunua. Weusi ulikuwa umefika dirishani.

"Mama, ulisemaka fundi alitengeneza!"

"Nilisema vile juu ulale, mutoto yangu," alijibu, akiendelea kusonga bukari, ugali wetu wa jioni.

Nilivuta mkeka wangu hadi mlangoni. Tangu hapo, kila neno alilonipa, nilikwenda kulihakikisha mwenyewe.