Kadi Iliyokataa Kuitika

Alasiri ile nilisasisha kiini cha Linux, programu inayoendesha mashine nzima, kwenye kompyuta kuu ya steshenari yangu hapa Tukuyu, nikaiwasha upya, na intaneti ikakata. Dirisha la maombi ya chuo lilikuwa linafungwa saa kumi jioni, siku hiyo hiyo. Mbele yangu alikaa mama mmoja wa Masukulu na binti yake, fomu imejazwa yote, bado kubonyeza kitufe cha kutuma tu. Simu nazo, kwa mvua ile, zilikuwa hazishiki mtandao.

Fundi wa duka la jirani akaja, akachungulia nyuma ya mashine.

“Dada, kadi ya mtandao imekufa. Ninayo nyingine hapa, nakuuzia.”

“Imekufa na taa inawaka? Maiti yako ina afya, kaka.”

Sinunui kitu kabla ya kuhesabu. Nikauliza mfumo unaona kadi ngapi: mbili. Nikauliza draiva, zile programu zinazofanya kadi itii amri, zimeshika ngapi: mbili. Nikarudia. Mbili kwa mbili, hakuna msiba. Lakini kila nikiamuru eth0 iwake, yaani kadi inayopokea intaneti, jibu lilikuwa lile lile: hakuna kifaa hicho.

Nikaanza kuiita kwa sauti. “Eth0! We eth0!”

Mama akacheka. “Mwanangu, huyo unayemwita hajazaa? Mimi ukiniita jina la usichana, hata nyumba iungue sigeuki.”

Nikamwangalia. Nikarudi kwenye orodha ya kadi, safari hii nikasoma majina badala ya kuhesabu. Eth0 haikuwemo. Mahali pake palikaa enp3s0. Kiini kipya kimeibatiza upya, na faili langu la amri bado linaiita kwa jina la usichana! Nikafuta jina la zamani, nikaandika jipya, nikaamuru.

Ikaamka hapo hapo. Saa kumi kasorobo binti akabonyeza.

“Maombi yako yamepokelewa,” akasoma, sauti ikimpanda.

Mama akapiga vigelegele mpaka wauza ndizi ng’ambo ya barabara wakasimama kutazama. Fundi akairudisha kadi yake mfukoni.

“Sasa mwanangu,” mama akasema, akijifuta machozi, “hapa fundi nani?”

“Ni wewe, mama.”

“Basi hiyo karatasi ya kupokelewa utatuchapia bure.”

Nimepatana bei na wafanyabiashara wa Kiwira mpaka wakaomba maji. Siku ile nilichapa bure, tena kwa rangi.