Maharage ya Bibi Yaliyogoma Kuota

Juzi nilikuwa nafyeka kando ya ua, harufu kali ya lantana ikanishika puani, mara nikajikuta Gisenyi, mwishoni mwa miaka ya tisini, mtoto wa miaka tisa. Pengine wewe, rafiki yangu, umeipanda kwa maua yake. Mimi hata kuiona sitaki.

Tulikuwa tumerudi kutoka ukimbizini Karagwe, ng'ambo ya mpaka, mimi na Bibi tu. Shamba la ukoo, juu kidogo ya Rubona, lilikuwa limelala miaka mingi na lantana imelifunika lote. Bibi hakuogopa. Karagwe alizoea kufukia majani migombani, na kwake jani lolote lilikuwa chakula cha udongo. Basi tukang'oa, tukakatakata, tukafukia shamba zima, mikono ikitoka damu. Mama jirani, ambaye hakuwahi kuhama, akasimama kututazama. "Mama, hii majani iko mubaya. Hata mbuzi inaikataa. Choma tu." Bibi akacheka, akamwambia yeye alianza kulima kabla jirani hajazaliwa.

Mbegu ilikuwa maharage ya zambarau yenye madoa, aliyoyabeba kutoka Karagwe ndani ya kibuyu, yamechanganywa na majivu yasiliwe na wadudu. Hatukuwa na nyingine. Tukapanda nusu. Mvua ikanyesha vizuri, na kwa jirani maharage yakachomoza. Kwetu ikatoka miche michache ya manjano, ikafa. Bibi akafukua mbegu moja kwa kidole, akaikuta imevimba na kuoza. Akasema udongo bado una njaa. Tukafukia majani mengine, tukapanda tena sehemu ya mbegu iliyobaki. Wapi!

Mwalimu wangu ndiye aliyenieleza kwamba lantana huacha sumu udongoni inapooza, mbegu ikashindwa kuota, na kwamba shamba lingehitaji kuachwa lisafishwe na mvua. Nilipomwambia Bibi, alikaa kizingitini akitazama viganja vyake. Kwenda kuomba mbegu kwa jirani, baada ya kile kicheko, hakuweza. Nilitaka kumsaidia, sikujua nianzie wapi.

Wiki ile ile unga ukatuishia. Bibi akamwaga maharage yaliyobaki kwenye ungo, akapepeta majivu, akapika. Sijayaona tena popote, si sokoni Mahoko, si Karagwe nilikorudi kuyatafuta. Yalikuwa matamu mno. Mungu anisamehe, niliomba kuongezewa, naye akanipa ya kwake.