Gari Lisilozimika kwa Ufunguo

Mwezi wa Suro, wa kwanza katika kalenda ya Kijava, hakuna anayeoa Kotagede. Watu huosha majambia ya mababu kwa maji ya maua, huzungumza kwa sauti ya chini, na harusi zote hungoja mwezi upite. Ndiyo maana Prihatmoko, mfua fedha wa kichochoro cha nyuma ya soko, aliupenda mwezi huo kuliko yote. Ulikuwa mwezi pekee ambao hakuna bibi harusi aliyelihitaji gari lake, naye akapata nafasi ya kulifungua na kulitazama tumboni.

Gari lenyewe ni Benzi la dizeli, jeupe, alilolinunua marehemu baba yake enzi zile watalii walipokuwa wakishuka kwa mabasi kununua vyombo vya fedha. Baba hakulikodisha hata siku moja. Aliliazimisha. Kila binti wa mtaa aliyeolewa alipakiwa humo na maua yake ya kichwani, na baadaye familia yake ikaleta kasha la mianzi lenye wali na kuku kuwa shukrani. Baba akafa, biashara nayo ikadhoofika, lakini gari likabaki na desturi ikabaki nalo. Ungemwambia Prihat wakati ule kwamba amerithi mzigo, angekukasirikia.

Kulitunza alijifunza mwenyewe, pale pale uani, chini ya paa la mabati lililounganishwa na karakana yake. Nozeli, zile pua za kunyunyizia dizeli, alizisafisha juu ya meza ile ile aliyofulia bangili. Pale kipande cha chuma kilipokosekana madukani alikichonga kwa tupa, akakipiga msasa mpaka kikang'aa bila sababu, maana hakuna ambaye angekiona. Viti vya ngozi alivipaka mafuta kila msimu wa mvua kabla ukungu haujavivamia. Mkewe, Bu Ratmi, alizoea kusema kwamba angetaka kuguswa kwa upole namna ile ingembidi aote magurudumu, na Prihat alicheka, kwa sababu alidhani ni mzaha.

Kulikuwa na ugonjwa mmoja tu aliokuwa ameshindwa kuutibu. Magari ya aina hiyo huzimwa kwa upepo: ukizungusha ufunguo, mipira myembamba hufyonza hewa na injini hunyamaza. Mipira ya gari la Prihat ilikuwa ikivuja mahali fulani. Alibadilisha mipira ya chini ya boneti, akafungua dashibodi, akafuata mipira hadi ndani ya milango, na uvujaji hakuuona. Ukichomoa ufunguo, injini iliendelea kunguruma kana kwamba haikuambiwa kitu. Dawa yake ilikuwa ndogo: kufungua boneti na kubonyeza kwa kidole kijichuma kilicho ubavuni mwa pampu. Maandishi ya STOP waliyoyaweka Wajerumani pale yalikuwa yamefunikwa na grisi zamani.

Sasa sikilizeni ujinga ulipoingilia. Mara ya kwanza jambo hilo lilipotokea mbele ya watu, kwenye harusi, Prihat alifunua boneti, akainama, shati lake la batiki likaziba kila kitu, na gari likazimika. Bibi mmoja mzee akanong'ona kwamba gari linamsikia yeye tu kwa kuwa yeye ndiye mrithi. Prihat aliisikia kauli hiyo, na badala ya kusema kuna kijichuma, alitabasamu. Kuanzia siku ile alikuwa hainami bila kutazama kwanza nani amesimama nyuma yake. Na kuanzia siku ile hakuna mtu mwingine aliyethubutu kuliendesha, kwani angelizimaje?

Miaka ikaenda. Kila Jumamosi ya msimu wa harusi Prihat alikuwa nyuma ya usukani. Hakwenda kumwona kaka yake alipolazwa Surabaya. Binti yake Wening alipohamia Balikpapan, ng'ambo ya bahari, kufuata kazi ya mumewe, hakumsindikiza hata uwanja wa ndege. Wening alipojifungua mtoto wa kwanza, Bu Ratmi alikwenda kumsaidia, akakaa huko huko, na kumwacha Prihat na gari. Jioni alikaa kibarazani akilitazama lilivyoziba nusu ya ua, na moyo ulimjaa chuki iliyomshangaza. Alijiona ndiye aliyeegeshwa. Alikula wali wa jana na kujiuliza ni nani aliyemfunga, akawataja mmoja mmoja: baba, majirani, mabibi harusi, desturi.

Mtoto yule alikuwa anakaribia kukanyagishwa ardhi. Kwetu mtoto wa miezi saba hufanyiwa sherehe: hupandishwa ngazi ya miwa, huwekwa ndani ya tenga la kuku lililopambwa ili achague kitu kimoja kati ya vingi, na babu yake ndiye humshika mkono. Wening alikuwa hana baba mkwe, alikwishafariki. Alimpigia simu baba yake mwenyewe.

"Bapak, safari hii sikuombi. Nakwambia. Tiketi yako ninayo mkononi. Mwanangu hana babu mwingine."

Prihat akasema atakuja, na alimaanisha. Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya kwanza baada ya Suro. Ndege yake ilikuwa Ijumaa alasiri.

Asubuhi iliyofuata simu hiyo, Bu Sumi, mjane wa nyumba ya pili, akabisha hodi na sahani ya ndizi za kukaanga. Binti yake Ratri alikuwa anaolewa. Siku iliyopatikana kuwa njema kwa bibi na bwana harusi ni Jumamosi ya kwanza baada ya Suro. Je, Pak Prihat angewasaidia kama alivyowasaidia wengine?

Mtu wa kwingine angesema, samahani, nasafiri. Lakini hapa mtu hamwambii mwenzake hapana usoni, tena mjane, tena ameshika sahani. Prihat alizipokea ndizi, akatazama chini, akasema neno ambalo lilionekana kuwa na adabu zaidi.

"Gari linaumwa, Bu. Sidhani kama litapona kabla ya siku hiyo."

Bu Sumi akatoa pole na kwenda zake. Prihat alirudi uani akiwa mwepesi. Ili uongo uwe na miguu, alichukua spana na kulegeza mabomba yote ya dizeli yanayokwenda kwenye nozeli, hewa ikaingia, na kuanzia hapo starta ingeweza kulia mpaka betri ife. Kisha akapanga nguo zake kwenye begi, akaweka juu yake bangili ndogo ya fedha aliyomfulia mjukuu.

Alichosahau, na ni ajabu mtu aliyezaliwa mtaa ule kukisahau, ni kwamba hapa ukisema una mgonjwa huachwi peke yako naye. Kesho yake walikuja wanaume na birika la kahawa. Walikuja na kesho kutwa. Mmoja alileta betri ya lori lake, mwingine alileta pampu iliyotolewa kwenye gari lililokufa Klaten, mke wa mwenyekiti wa mtaa, Pak RT, akaleta uji wa maharage. Kiongozi wao alikuwa Tukiran, dereva mstaafu wa malori, mtu mnene, mcheshi, anayejua kila kitu kwa sauti kubwa. Prihat aliwaambia hakuna haja, wasijisumbue, kila mtu ana kazi yake. Walichukua maneno hayo kuwa ni heshima na wakaongeza bidii.

Wiki nzima alikaa kwenye kigoda chake akiwatazama wakipapasa alichokiharibu mwenyewe. Alitamani wachoke. Hawakuchoka.

Ijumaa, baada ya swala, pikipiki ya kumpeleka uwanjani ilikuwa tayari imesimama kichochoroni. Prihat alitoka na begi mkononi, amevaa shati safi, akijiandaa kuaga kwa haraka na kwenda. Tukiran alikuwa ameingia chini ya boneti, amekwisha kukaza mabomba aliyoyakuta yamelegea, akimtupia maneno kijana mmoja aliyeketi kwenye usukani. Starta ililia, ikalia, moshi mweupe ukaruka, na injini ikawaka.

Watu wakapiga makofi. Bu Sumi akaanza kulia kwa furaha, pamoja na Ratri mwenyewe, ambaye siku zote hizo hakuwa amedai chochote.

Ikabidi sasa ukweli usemwe, maana begi lilikuwa mkononi na kila mtu analiona. Prihat alisema kwa kigugumizi kwamba mjukuu wake anakanyagishwa ardhi kesho, Balikpapan, na ndege ni alasiri hii. Alisubiri aibu. Haikuja.

"Sasa Pak, mbona ulikuwa husemi?" Tukiran akajifuta mikono. "Nenda kamshike mjukuu. Gari nitaliendesha mimi. Nimeendesha lori la mchanga kwenye matope ya mlima Merapi, nitashindwa na Benzi?"

Wote wakaitikia. Nenda, Pak. Bu Sumi akamshika mkono kwa mikono yake miwili na kumwambia angemfungia wali wa njiani laiti angejua mapema. Mlango ambao Prihat alikuwa ameusukuma miaka yote ulikuwa umefunguliwa na watu wale wale aliowalaumu, na walikuwa wamesimama pembeni ili apite.

Alipiga hatua mbili kuelekea kichochoroni.

Injini ilikuwa inamisi. Silinda nne zilikuwa zikifanya kazi na ya tano ilikuwa bubu. Gari lilitetemeka kwa nyuma, taa moja ikagonga kwenye fremu yake. Ni bomba la mwisho, lile la nyuma kabisa karibu na ukuta, ambalo Tukiran hakulifikia kwa ukubwa wa mkono wake. Dizeli ilikuwa inavuja juu ya chuma cha moto. Hakuna mwingine aliyesikia kasoro. Kwao lilikuwa limewaka na hiyo ilitosha.

"Haya, hebu tulizime lipumzike," Tukiran akasema. Kijana akazungusha ufunguo, akauchomoa. Injini ikaendelea. Watu wakacheka, walikuwa wanajua kisa hicho. Tukiran akatafuta waya wa kuvuta kama wa lori lake, hakuuona. Akasema lingekuwa na klachi angeliingiza gea na kulinyonga, lakini hili ni otomatiki. Akaokota tambara ili akazibe njia ya hewa.

"Usiweke hilo," Prihat akasema.

"Basi tufundishe, Pak. Unalizimaje? Sema neno moja tu halafu uende zako."

Lilikuwa neno moja kweli. Kuna kijichuma, bonyeza. Angelisema hata akiwa amekwishapanda pikipiki. Alifungua mdomo, akamwona yule bibi mzee wa siku zile, sasa amekuwa kikongwe, anamtazama kwa imani kutoka kwenye kiti chake mlangoni pa Bu Sumi. Aliliwaza Benzi likienda harusini likitetemeka, likizimwa na kidole cha mtu yeyote, na watu wakisema, kumbe ni hicho tu. Yeye angekuwa nani basi, mzee mmoja asiye na wateja, ameketi sebuleni kwa mkwewe.

Aliweka begi chini.

"Ngoja kidogo," akasema.

Alichukua spana, akapitisha mkono wake mwembamba hadi ukutani, akakaza bomba la nyuma. Silinda ya tano ikaingia, mtetemo ukaisha, na injini ikatulia kwa mlio ule aliokuwa akiujua tangu ujana wake. Furaha ilimpanda, ya kweli kabisa, na hapo hapo akaona aibu nayo. Nje, dereva wa pikipiki alipiga honi. Kisha Prihat akatazama nyuma kuona nani amesimama, akasogea ili mgongo wake uzibe, akainama. Kidole kikapata mahali pake. Gari likanyamaza.

"Linamsikia yeye tu," bibi mzee akasema.

Prihat alimwambia Bu Sumi kwamba kesho ataendesha mwenyewe. Walimbishia, wakambembeleza, Ratri akamwita Pakde, baba mkubwa, akamwambia tafadhali nenda, mimi naweza kupanda gari lolote. Alikataa. Ilikuwa mara ya kwanza mtaa mzima kumsikia akisema hapana, na alilisema vizuri, bila kutazama chini. Dereva wa pikipiki akaondoka.

Simu ya mkewe ilikuja saa ambayo ndege ilikuwa imekwishaondoka. Prihat alimwambia kwamba gari limekataa kuzimika, ikabidi abaki. Bu Ratmi hakuuliza swali. Alikuwa ameishi na gari hilo muda mrefu kuliko binti yake, na kile kijichuma alikuwa anakijua. Ndiye aliyefua mashati yenye alama ya grisi mahali pale pale.

"Wening anasema tuweke picha yako kando ya tenga," alisema alipopiga tena usiku ule, kwa sauti ya kawaida. "Nimetafuta jioni nzima. Sina hata moja uliyopiga peke yako, Pak. Zote umesimama na gari."

Prihat alisema waiweke yoyote. Kisha akauliza kama bangili ingemtosha mtoto mkononi, akakumbuka kwamba bado iko kwenye begi.