Goti la Bibi kwa Mkwewe

Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, kichwa tayari kina mvi. Kwa hiyo nilipopelekwa semina ya kuzuia wazee wasianguke, nilirudi kazini kwenye makao yetu ya wazee nikijiona daktari bingwa wa kusini nzima. Wiki hiyohiyo nikapiga marufuku kandambili. Mikeka ya vyumbani nikaikunja yote. Fundi nikamsumbua mpaka akajaza kuta vyuma vya kushikia. Hata mjusi wa pale, akianguka, ni kwa kupenda mwenyewe.

Kulikuwa na bibi mmoja wa Kingoni, mwepesi kama pumba. Aliugua muda mrefu, na daktari aliniambia wazi: huyu akianguka, hatembei tena. Naye alikuwa na sababu ya kutembea. Ndugu pekee aliyemjia ni mkwewe, mume wa marehemu binti yake, na mkwe haingii anapolala mama mkwe. Kumwona ilikuwa lazima afike barazani. Tulifanya mazoezi miezi mitatu. Siku alipofika na mkongojo wake, nilipiga vigelegele vikasikika mpaka mtaa wa Lizaboni.

Tatizo likabaki magoti. Akimwona mkwe, lazima apige goti.

"Bibi, msalimie umekaa."

"Nimekaa kama jumbe? Wewe mama yako hakukufunza?"

"Alinifunza. Ila magoti yako yamestaafu, bibi."

"Mbona hayajaletewa barua?"

Tukacheka wote.

Jumapili moja baada ya misa, mkwe akaja. Nilikuwa nimemshika bibi mkono pale barazani. Nikaona mgeni amesimama, hana pa kukaa, na mimi nimelelewa kwamba mgeni hasimami. Nikamwambia bibi, "Subiri kidogo tu," nikamwachia, nikaingia ndani kuchukua kiti. Hatua sita. Hapo sitii chumvi.

Nikasikia mkongojo ukigonga saruji.

Nilipotoka, bibi alikuwa chini, upande mmoja. Mkwe alikuwa karibu kiasi cha kumdaka, lakini mikono alikuwa ameifunga nyuma, kwa sababu mama mkwe haguswi. Mtu mzima yule alikuwa analia kwa sauti.

"Nilimwambia asipige goti," alisema. "Mama, nilikwambia."

Bibi, amelala vile vile, akamwitikia, "Karibu, baba."

Nyonga ilivunjika. Kumbeba mpaka barazani kunamuumiza, anatoa sauti ambayo siwezi kuiandika. Kwenye daftari la walioanguka, chumba chake ndicho kisafi kuliko vyote sasa, maana asiyesimama haanguki, na mkaguzi alipopita alinisifu.

Mkwe bado anakuja. Anasimama nje, kando ya dirisha, ameupa ukuta mgongo ili asichungulie. Sauti ya bibi imekwisha, haimfikii. Mimi ndiye ninayeinama nimsikilize, kisha nanyanyuka nasema kwa nguvu, "Anauliza kama mahindi yameota."